Wanaume wa Hoja na Talaka ya Dada Yangu

Kwa mwaka mmoja na nusu, kila Jumapili baada ya swala ya alasiri, wanaume wa familia yetu walikaa barazani kwenye nyumba ya marehemu mama, Kibera, wakijadili kama Uislamu unaweza kukaa pamoja na serikali isiyo na dini. Nami nilikuwamo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikaa pembeni nikiwatazama wajinga wengine. Nilikuwa na kiti changu, kile chenye mto, na mara nyingi nilikuwa nikishinda.

Kilichotukusanya pale kilikuwa jambo fupi kulieleza. Dada yangu alitaka kuachana na mumewe. Huyo mume alikwenda Uarabuni kuendesha lori miaka sita kabla ya haya. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa, mwaka wa pili alipiga siku za Idi, kisha namba yake ikawa haipatikani. Hakuleta chochote, hakuleta salamu, na talaka pia hakuleta. Watu waliorudi kutoka huko walisema ni mzima, amenenepa, ana mke na watoto wawili. Dada yangu alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa na mtoto. Fundi mmoja wa kushona kanzu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, alikuwa amemwambia kwamba siku atakayokuwa huru, yeye yuko tayari. Dada hakuzungushazungusha maneno. Alituambia anataka kuzaa, na kwamba miaka inakwenda.

Katika nchi hii mke wa Kiislamu aliyetelekezwa ana mahali pa kwenda. Kuna kadhi mjini, mwajiriwa wa serikali, ana mahakama yake na karani wake na foleni yake. Unapeleka ombi, unapeleka mashahidi, na akiridhika anaivunja ndoa. Wanawake wengi wa Kibera wamepita hapo na wakarudi nyumbani kupika. Lakini hao hawakuwa na ndugu wenye elimu kama sisi.

Mkuu wa baraza alikuwa ami yake. Nasema ami yake, si ami yangu, kwa sababu mimi na dada tumechangia mama peke yake. Baba yangu alitoka pande za ziwa, akasilimu ili aoe, na alipotoroka nyumbani akauacha na Uislamu hukohuko mlangoni. Baba yake dada alikuwa Mnubi halisi, kama mama, na huyu ami alikuwa mdogo wake: mzee msafi, ndevu zimechanwa, ana ploti yenye vyumba kumi anavyopangisha watu wa kutoka magharibi, na ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Babu yao aliletwa hapa kutoka Sudani akiwa askari, akavaa sare ya Mwingereza, akampigania Mwingereza, na Mwingereza akamwonyesha msitu wa Kibera akamwambia akae. Juu ya ardhi hiyohiyo, mjukuu wake alitufundisha kila Jumapili kwamba Mwislamu wa kweli hapokei kitu kutoka mkononi mwa serikali ya kikafiri.

"Huyo kadhi ameandikwa na nani?" alikuwa akiuliza, kidole juu. "Analipwa na nani? Akistaafu, pensheni yake inatoka wapi? Basi huyo ni karani. Ndoa ilifungwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Karani ataivunja kwa jina la nani?"

Ni hoja nzuri ukiisikia mara ya kwanza. Mimi niliisikia mara ya kwanza, ya kumi na ya arobaini. Niliisikia nikitazama ukutani, kupitia mlango ulio wazi, nakala ya hati ya ardhi aliyokuwa ameileta mwenyewe na kuitundika hapo ndani ya fremu ya dhahabu, yenye nembo ya serikali ileile. Vijana wetu wanapotaka kitambulisho, huitwa mbele ya jopo la wazee waseme babu yao alikuwa nani, eti isije ikawa ni wageni. Ami alikaa kwenye jopo hilo, upande wa serikali wa meza, akala biskuti za serikali na kuwauliza watoto wa majirani zake maswali. Na Ramadhani ikifika, mwanasiasa yeyote aliyeleta tende alipokelewa kwa dua ndefu. Kwa hayo yote dini haikumkataza. Ilimkataza jambo moja tu, nalo lilikuwa la mwanamke.

Sasa nije kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa mbaya zaidi. Nina saiba Kawangware, pale kituo cha matatu kiitwacho 56, kompyuta sita na mashine ya fotokopi, katikati ya saluni na duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu za serikali. Nimejaza vyeti vya kuzaliwa, vibali, maombi ya pasipoti, na hata barua za kuomba msamaha kwa wenye nyumba. Wateja wakiwa wachache husoma, na kusoma kumenifanya niwe mtu wa msimamo. Msimamo wangu ulikuwa kwamba nchi haina dini. Dini ikae msikitini na kanisani, serikali ikae ofisini, na kadhi asiwepo kabisa kwenye mshahara wa umma. Mwanamke Mwislamu aende kwa hakimu wa kawaida kama wananchi wengine wote. Nilikuwa na maneno matamu ya kuieleza habari hiyo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba hakimu huyo wa kawaida angemrudisha kwa kadhi, kwa sababu ndoa ya Kiislamu ina utaratibu wake katika sheria. Sikulijua hilo. Kwa mwaka mmoja na nusu nilitetea kwa nguvu zangu zote mlango ambao haukuwa mlango.

Basi ndivyo tulivyokaa. Ami akisema kadhi amechafuliwa na serikali, mimi nikisema serikali imechafuliwa na kadhi, na binamu wawili wakitikisa vichwa kwa yeyote aliyesema mwisho. Katikati yetu dada yangu alileta chai. Alileta na kisra, ile mikate myembamba ya kwetu, kwenye sinia lililofunikwa tabaga. Tabaga ni kawa tunayosuka sisi Wanubi kwa majani yaliyotiwa rangi, ya mviringo, yenye kishikio katikati. Dada husuka vizuri kuliko wote ninaowajua, na ukingo wa kazi yake hauigwi: mistari miwili myekundu na mmoja mweusi, umebanwa sana. Alikuwa akiifunua tabaga, tukanyamaza kidogo kumpisha, tukala, tukarudi kwenye mada. Hakuna aliyewahi kumwambia akae. Nakumbuka mara moja alisimama mlangoni na birika mkononi zaidi ya kawaida, na ami akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa tunazungumza mambo mazito." Mambo hayo mazito yalikuwa ndoa yake.

Siku za kazi nilikuwa na baraza langu jingine kule 56. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa kanisa fulani la hapo, alikuwa akija na kigoda chake kukaa mlangoni pangu. Yeye shida yake ilikuwa ushuru. Hakutaka ushuru wake umlipe kadhi, kwa sababu kesho watatukata mikono na keshokutwa watatufungia baa. Sijawahi kumwona mtu huyo akimpa mteja risiti. Na kila sherehe ya chifu yeye ndiye aliyeombwa kufungua kwa maombi, naye alifungua kwa dakika ishirini, kwa jina la Yesu, mbele ya bendera, wala hakuona hapo dini ikiingia serikalini. Nilimdharau, lakini nilipenda kuwa naye, kwa sababu tulikubaliana. Mtu akikubaliana nawe, ujinga wake huuoni vizuri.

Siku ya Jumanne moja, dada alikuja Kawangware. Alitoka Kibera kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye cheti cha ndoa, kitambulisho, na karatasi aliyoandika kwa mkono majina ya mashahidi wawili. Mwenye duka alikuwa kwenye kigoda chake. Dada akamsalimu, akakaa mbele yangu kama mteja.

"Kaka, nimekuja uniandikie ile petition. Wamesema ikuwe typed, kopi tatu."

Mashine ilikuwa wazi mbele yangu. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nimewafanyia watu nisiowajua kazi kubwa kuliko hiyo huku nikila mahindi.

"Ya kadhi?" nikamuuliza.

"Ya kadhi."

Nikaanza. Nikamweleza kwamba akienda kwa kadhi anakubali kuwa raia wa daraja la pili. Nikamweleza kwamba wanawake wakiendelea kwenda huko, mahakama hizo hazitakwisha milele. Mwenye duka naye akaingilia, akasema kwa heshima kwamba hana ubaya na Waislamu, hata fundi wake wa bomba ni Mwislamu, lakini ushuru ni ushuru. Dada alitusikiliza mmoja baada ya mwingine, mfuko uko mapajani.

"Ngoja nielewe," akasema. "Ami anasema nisiende kwa sababu kadhi ni wa serikali. Wewe unasema nisiende kwa sababu serikali haifai kuwa na kadhi. Huyu mzee hata hanijui, na anasema nisiende kwa sababu ya tax yake. Kwa hivyo nyinyi wote mmekubaliana nisiende."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri. Mwenye duka akacheka pia.

"Sasa unaniandikia ama huniandikii?"

Nikamwambia aniachie kwanza, tuongee vizuri Jumapili. Akazirudisha karatasi kwenye mfuko, moja moja, akaaga na kutoka. Sikumtazama alielekea wapi, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameuliza swali zuri kuhusu katiba.

Jumapili ile nilifika barazani na nikalitumia neno lake. Niliwaambia kwamba ukichunguza, mcha Mungu na asiye na dini na Mkristo wote wanafika mahali pamoja, na kwamba jambo hili linastahili kufikiriwa. Ami alilipenda sana, akasema nimeanza kupevuka. Dada alikuwa amesimama hapohapo na sinia. Sikusema nimelitoa kwake.

Baada ya siku hiyo hakutuuliza tena. Chai iliendelea kuja, kisra iliendelea kuja, na sisi tukadhani amekubali kungoja. Binamu mmoja alisema hata sura yake imetulia. Tulijisifu kidogo kwamba mashauriano yametuliza nyumba.

Miezi ikapita. Jumapili moja, baada ya kutufunulia chakula, dada alimpa ami bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Ilikuwa na muhuri wa mahakama ya kadhi, na jina la ami limepigwa chapa juu.

"Baba, hii ni yako. Nimeambiwa nikupe mkononi," akasema.

Ami aliigeuza, akauona muhuri, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kitu chenye najisi. Akatangaza kwamba haifungui. Kuifungua ni kuitambua mamlaka iliyoituma, na yeye hajaitambua. Binamu wakatikisa vichwa. Na mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kufungua bahasha za serikali za watu wengine na kuwaeleza zinasema nini, nilijibu kwamba ingawa sababu zake ni za kale, msimamo wake ni sahihi, kwa kuwa mahakama ya dini isiwe na uwezo wa kumwita raia. Tulilijadili hilo mpaka magharibi. Bahasha ilikuwa mezani kati ya birika na sukari. Dada alisimama mlangoni muda wote, akiitazama, kisha akamtazama ami, kisha mimi. Nilidhani anasikiliza.

Ami aliondoka nayo na kuiweka juu ya kabati lake, ikiwa imefungwa. Wageni wakija aliwaonyesha.

Wiki tatu baadaye tulikuta mlango wa mama umefungwa. Tulikaa hivyohivyo, tukaanza, tukangoja chai. Ami alikuwa katikati ya sentensi kuhusu utawala wa haki pale mpangaji wa chumba cha jirani, mwanamke aliyekuwa akianika nguo, alipotuuliza tunamngoja nani.

"Yeye ameshahama," akasema. "Ako kwa bwana yake, yule fundi wa kanzu. Walifunga Alhamisi. Hamkuwa mnajua?"

Hatukuwa tunajua. Tulijua vipande vyake siku zilizofuata, kwa kuuliza huku na huku. Ile ndoa ya kwanza ilikuwa imevunjwa miezi minne kabla. Mashahidi walikuwa imamu mmoja mzee na mama anayeuza mkaa. Dada alikaa eda yake palepale nyumbani, akatupikia Jumapili zote za eda, na sisi tukala huku tukijadili kama ndoa hiyo inaweza kuvunjwa. Ilikuwa imeshavunjwa, na sisi tulikuwa bado kwenye utangulizi.

Ami alikwenda kwake akaifungua bahasha. Ilimwita aje asimame kama walii wa binti wa kaka yake, au aseme sababu ya kukataa, na ilimwambia kwamba asipojibu katika siku zilizotajwa, kadhi atasimama mahali pake. Kadhi alikuwa amesimama mahali pake. Yule karani wa serikali ndiye aliyemwoza binti wa nyumba yetu, kwa sababu walii wake halali alikuwa ameiweka barua juu ya kabati. Jumatatu asubuhi ami alivaa kanzu yake ya Idi, akanyunyiza manukato, akaenda mjini kwa huyohuyo karani kulalamika kwamba haki yake ya kisheria imevunjwa. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwonyesha tarehe. Alirudi akisema foleni ilikuwa ndefu.

Nilimcheka ami wiki nzima. Nilimsimulia mwenye duka, tukamcheka wote wawili, na nilikuwa bado nacheka siku nilipovuka barabara kwenda kuomba karatasi za fotokopi kwa jirani wa ng'ambo.

Huyu jirani ni mwanamke kutoka pande za ziwa, kama baba yangu. Ana saiba ndogo kuliko yangu, kompyuta mbili na printa inayokwama, na hufunga kitambaa cheupe cha kanisa lake kichwani. Sikuwahi kumhesabu kama mshindani. Juu ya meza yake, karibu na printa, palikuwa na tabaga. Niliuona ukingo kabla ya kuiona tabaga yenyewe: mistari miwili myekundu na mmoja mweusi, umebanwa sana.

Kwetu, bibi harusi husuka tabaga mpya, na sinia la kwanza la chakula cha harusi hulifunika kwa tabaga hiyo na kulipeleka kwa mtu aliyemsaidia mpaka ndoa ikafika. Aghalabu ni mjomba, au kaka.

"Umeona hii?" jirani akasema. "Sister yako aliniletea. Ilikuwa na mikate fulani na nyama, tumekula na watoto tukamaliza. Nilikuwa nataka nikuulize, hii kifuniko ni ya kurudisha?"

"Si ya kurudisha," nikamwambia.

"Ni poa sana. Alinipata hapa siku hiyo nikitaka kufunga, nikamwandikia haraka haraka."

Nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia hata hapo, kama yeye akiwa Mkristo hakusita kuandika ombi la kwenda kwa kadhi.

Alinitazama kama hajanielewa vizuri. "Nisite ya nini? Alisema ako na haraka. Nikamuuliza bwana alienda lini na alipiga simu lini mara ya mwisho. Basi." Akaingiza karatasi kwenye printa. "Na wewe alikuletea gani? Yako lazima ni kubwa kuliko hii."

Nikamwambia yangu iko njiani.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Baraza limehamia kwa ami, na wananialika kwa sababu bila mimi hakuna anayepinga. Nilikwenda mara mbili, nikashinda mara zote mbili. Kwa dada hufika siku za Idi, nikapokewa kwa adabu na kupewa chai iliyofunikwa kwa sahani. Mwezi wa Ramadhani uliopita jirani alivuka barabara, jambo ambalo huwa halifanyi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mimba ya dada yangu imetoka, na ni ya pili. Daktari amemwambia ni umri, kwamba mwaka mmoja au miwili mapema pengine ingeshika. Akaniuliza kama nimeshakwenda kumpa pole. Nikamwambia sikuwa nimejua hata kwamba ana mimba.

"Sasa umejua," akasema, akarudi kwa mteja wake.